Kioo Chekundu cha Kisiwa cha Matete

Mama Régina, jirani yetu wa ng'ambo, anasema baba alikuwa amelala. Anasema Ijumaa ile jua lilizama, vyura wakaanza kelele yao, yeye akatoka inje kuanua samaki wake, akatupa macho kisiwani kama kila magharibi, na taa haikuwako. Giza tu, kama jicho la samaki wa jana. Halafu akasikia masuwa, ile meli ya Ijumaa, inatoka upande wa juu wa muto, mashine inapiga tu-tu-tu, haipunguzi mwendo, mpaka ikapanda juu ya muchanga, na mbuzi wote waliokuwa ndani wakalia mara moja.

"Miye niliona na haya macho yangu mawili," anasema, akimuita baba kwa jina la dada yangu mukubwa. "Baba Marcelline alilala fofofo. Na masuwa ya watu iko inakuja!"

Hiyo ni hadithi ya Jumamosi. Jumapili, baada ya misa, ilikuwa imeongezewa chungu cha masanga: baba hakulala tu, alilewa. Jumatatu, kwenye soko ya Nyangwe, pembeni ya chungu alikuwa amekaa mwanamuke mwenye kitambaa cha njano. Baba yangu hajaonja masanga tangu mama alipokufa. Na huyo mwanamuke wa kitambaa cha njano, kama yuko kweli, ningependa aje atusaidie kuteka maji.

Lakini sitaki kumucheka Mama Régina sana. Ile hadithi ya kwanza, ya giza, haikuwa uongo. Kutoka kwake aliona giza kabisa. Mimi, Émérance, mutoto wa pili wa Placide mulinzi wa taa, ndiye najua lile giza lilitoka wapi.

Kisiwa cha Matete ni kidogo. Unaweza kukizunguka kwa miguu na ukakuta maji ya bugali uliyoyaacha motoni bado hayajachemka. Katikati kuna munara wa matofali, urefu wa watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao. Babu alikuwa akisema matofali yale yalitoka kwenye nyumba zilizovunjika za Nyangwe ya zamani, baada ya vita ya Waarabu na Bula Matari, serikali ile ya wazungu, na kwamba yeye mwenyewe aliyaleta kwa mutumbwi, safari arobaini. Babu ndiye aliwasha taa ya kwanza. Baba akaipokea kwake. Kaburi la babu liko nyuma ya munara, la mama liko pembeni yake, na mimi nafagia yote mawili kila Jumamosi.

Juu ya munara kuna sanduku la bati, ndani yake taa ya petroli. Sanduku lina madirisha mawili tu. Moja linatazama Nyangwe, kwenye maji marefu, nalo lina kioo cheupe. La pili linatazama ng'ambo ya kwa Mama Régina, kwenye muchanga, nalo lina kioo chekundu. Pale kwetu muto Lualaba unasukuma kila kitu kwenye muchanga. Masuwa ya Ijumaa inatoka Kasongo asubuhi na kutufikia jua likizama, nayo ilikuwa ikisukumwa vilevile. Muzee Amisi anayeiongoza hakupigana na maji. Alikuwa anayaacha yamubebe mpaka aone nyekundu. Akiona nyekundu anageuza kwa Nyangwe, anahesabu pumzi kumi, anaona nyeupe, anapita. Miaka kumi na saba alipita hivyo. Nyekundu hakuiogopa, aliingoja.

Mwezi wa kumi, mwaka wa 1949, upepo ulivunja tawi na tawi likapasua kile kioo chekundu.

Nilimaliza darasa la tano kwa masista, ndiyo maana barua zote za kisiwa ni mukono wangu. Nilimuandikia bwana wa kazi za muto, muzungu wa Leta, ndiyo serikali, anayekaa Kasongo: "Bwana, kioo chekundu cha taa kimepasuka. Tunaomba kingine. Bila kioo hiki taa itasema uongo." Baba akatia kidole. Muzee Amisi akaiweka barua kwenye mufuko wa kanzu yake. Wiki tatu zikapita bila jibu. Nikaandika ya pili. Amisi akairudisha habari yake Ijumaa iliyofuata, amesimama mbele ya masuwa, mikono kiunoni.

"Nilimupa mukononi mwake, zote mbili. Anasema vioo vinatoka Ulaya. Mungoje."

"Tungoje mpaka lini?" baba akauliza.

"Placide, weye ulishasikia muzungu anasema mpaka lini?"

Kwa muda ule tulikuwa tumeweka kioo cha kawaida kwenye lile dirisha, kile cha picha ya Bikira Maria ya mama. Bikira akabaki ukutani bila kioo, kila asubuhi namupangusa vumbi. Lakini taa sasa ilikuwa nyeupe pande zote mbili, na baba alikuwa halali vizuri. Kila Ijumaa alishuka kwenye muchanga na kijinga cha moto, akakipunga hewani mpaka Amisi ageuze.

Wakati huohuo dada yangu Marcelline alikuwa kwetu. Alikuja kutoka Kabambare kuzaa, kama inavyofaa mutoto wa kwanza, na mutoto alikuwa na wiki mbili. Kila magharibi Marcelline alimuosha, akachanganya nkula, ule unga mwekundu wa muti, na mafuta ya mbono, akamupaka mwili wote mpaka anang'aa kama nyanya. Jioni moja aliinuka kuchezesha utambi wa taa ya mezani bila kunawa. Nilikuwa nimekaa na mutoto mapajani, nikaona. Vidole vyake viligusa chemni, kile kioo cha taa, na pale vilipogusa mwanga ulitoka mwekundu. Alama tatu nyekundu ukutani, kama pilipili mbivu.

Nilingoja mpaka kesho, nikapaka kidogo juu ya kipande cha kioo, nikakishika mbele ya moto wa jikoni. Halafu nikamuita baba.

Alikichukua, akakishika mbele ya moto yeye mwenyewe.

"Hii ni mafuta ya watoto," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na taa ni ya Leta."

"Ndiyo."

Akageuza kioo huku na huku. "Paka nyembamba," akasema. "Ukipaka nene haitapita."

Ijumaa ile Amisi alikuja, akaona nyekundu, akageuza, akahesabu pumzi zake, akapita. Alipokuwa sambamba na sisi akaweka mikono mdomoni.

"Placide! Taa yako imeolewa lini? Iko na nkula kama bibi arusi!"

"Ulete mahari basi!" baba akajibu. "Unamutazama bure kila Ijumaa!"

Masuwa yote ikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi kumusikia baba anatania.

Ilienda hivyo miezi mitatu. Kila Ijumaa saa nane nilipanda munara, nikafuta nkula ya zamani na majivu, nikapaka mupya. Nyembamba, kwa kidole kimoja, kutoka juu kuteremka chini. Nikawa najua kazi ile kama kusuka mukeka. Mutoto naye akanenepa, shingo yake ikashika, na mume wa Marcelline akaja kuwachukua. Marcelline akafunga vitu vyake. Nkula akaniachia kidogo kwenye mukebe, chini kabisa. Chupa ya mbono alienda nayo, na sikumuomba aniachie, kwa sababu nilidhani nyingine iko nyuma ya ngunia ya muhogo.

Haikuwako. Nilijua hivyo Ijumaa, saa nane, kioo kikiwa tayari kimeoshwa.

Ningeweza kuvuka kwenda Nyangwe kununua mbono. Lakini baba alikuwa na mutumbwi, amefuata petroli, na angerudi saa kumi na moja. Nikatazama jikoni. Mawese yalikuwako, chupa nzima, na mawese yenyewe ni mekundu. Nikajiambia nyekundu na nyekundu zitasaidiana. Nikachanganya, nikapaka. Ilitoka nzuri kuliko siku zote. Baba alipowasha taa, tulizunguka wote wawili upande wa muchanga kuitazama, akatikisa kichwa, akaridhika. Tukarudi upande wa nyumba, unaotazama Nyangwe. Yeye akakaa chini ya munara kushona wavu, mimi nikaanza kukaanga samaki.

Kwa mawese. Kila mwanamuke anajua mawese yakikaa juu ya moto yanafanya nini: yanatoa moshi, yanakuwa meusi, yanashika kwenye sufuria mpaka utumie muchanga kuyang'oa. Nilijua hayo tangu nikiwa na miaka sita. Siku ile yalikuwa mbele yangu yanafuka, nami nikaondoa sufuria ili yasiungue. Kwamba kule juu, nyuma ya kioo, kuna moto ule ule, haikunijia.

Mbele yetu mwanga mweupe ulikuwa umelala juu ya maji kama kawaida. Baba aliutazama, mimi niliutazama. Taa ilikuwa hai. Halafu tukasikia mashine, na sauti ilikuwa inatoka upande usiofaa.

Baba alikimbia. Nilipomufikia, masuwa ilikuwa imekwisha kupanda juu ya muchanga, imeinama kidogo kama mutu anayefunga kiatu. Watu wanaitana, mbuzi wanalia, kuku mumoja anaogelea. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyevunjika. Mama Régina kule ng'ambo alikuwa amekwisha kuanza kupiga yowe. Nikainua macho kwenye munara. Upande ule ulikuwa mweusi tiii.

Baba alipanda. Alishuka amekunja kidole, akakileta puani.

"Mawese," akasema. Basi.

Jumamosi asubuhi nilimukuta anaosha kile kioo kwa majivu na ndimu. Aliosha mpaka kikawa cheupe kabisa. Halafu akakaa mbele yangu.

"Bwana wa muto anakuja Jumanne, na masuwa ndogo. Atauliza. Nitamuambia nililala na taa ikazimika."

"Baba! Hukulala."

"Sikulala."

"Na taa haikuzimika. Ni mimi, na mawese yangu. Nitamuambia mwenyewe."

"Utamuambia nini, mama?" Baba ananiita mama, kwa sababu jina langu lingine ni la mama yake. "Utamuambia tulichukua unga wa kupaka watoto, tukaupaka kwenye taa ya Leta, halafu masuwa ikapotea? Weye utasema ni rangi. Yeye ataandika dawa, uchawi. Ataandika watu wa Matete wanapaka dawa kwenye taa. Unajua neno lile likiingia kwenye buku yao linaenda wapi? Linaenda mbali kuliko masuwa." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Usingizi wanaujua. Hata wao wanalala."

"Na kazi?"

Kazi ikienda, nyumba inaenda nayo, na kisiwa pia, kwa sababu vyote ni vya Leta. Tungeenda wapi na makaburi mawili?

Alinipeleka mbele ya kaburi la mama, akaniapisha. Kwamba mbele ya muzungu sitatamka nkula, wala mawese, wala kioo. Niliapa. Nilikuwa nalia, lakini niliapa.

Watu wa masuwa walichimba muchanga siku tatu. Nilikuwa nawapelekea bugali, na Amisi alikuwa anapokea sahani bila kunitazama. Jumanne asubuhi masuwa ikashuka kwenye maji, na kabla ya saa sita muzungu akafika.

Nilileta kiti. Nilileta maji ya kunywa, nikarudi nyuma kama mutoto wa kike anavyopaswa, nikasimama penye mulango wa jikoni ambako sauti inafika.

"Taa nakufa saa gani?" bwana akauliza.

"Sijui, bwana. Nilikuwa nimelala."

"Wewe nalala saa kumi na mbili? Kama kuku?"

Watu wakacheka. Baba akacheka kidogo pia, ili bwana aone kicheko chake kimepokelewa.

"Kama kuku, bwana."

Bwana akaandika. Mama Régina, aliyevuka na mutumbwi wake akiwa amevaa kitenge cha misa, akaulizwa, akasema giza, akasema fofofo, akaanza na ya chungu cha masanga. Halafu akamuona baba amesimama mikono nyuma kama mutoto wa shule. "Ya chungu niliambiwa tu," akasema polepole. "Miye sikuona chungu." Akarudi nyuma akasimama karibu yangu, akanishika kiwiko. Hakuniachia mpaka mwisho.

"Na wewe, Amisi?"

Muzee Amisi alikuwa amevua kofia yake. Alitazama munara. Kioo cheupe cha Bikira kilikuwa kinameta kule juu.

"Nilingoja nyekundu, bwana. Sikuiona."

Na hiyo ilikuwa kweli. Kila mutu siku ile alisema alichodhani ni kweli, isipokuwa baba.

Bwana akafunga buku. Akasema baba ataenda naye Kasongo leo, siku kumi na tano kwenye kashoo, jela ya Leta, na mwezi ukiisha atakuja mulinzi mwengine. Karatasi ataitia sahihi kule ofisini, kwenye bilo yake. Alisema bila hasira, kama mutu anayesema mvua itanyesha. Kisha akauliza kama kuna mayai.

Nilimukaangia mayai. Wakati anakula, nilifunga blanketi ya baba na bugali ndani ya jani, nikapeleka kwenye masuwa kubwa, ambayo ndiyo ingewabeba. Baba alikuwa amekwisha kupanda. Alikaa juu ya ngunia za pamba, uso kwenye munara.

"Kabla ya kuwasha leo, kata utambi," akaniambia. "Ulikuwa unavuta upande."

"Ndiyo, baba."

"Na Ijumaa ushuke na kijinga. Usiingie majini."

"Ndiyo."

Nilishuka. Amisi alikuwa mbele ya masuwa, miguu ikining'inia, fimbo ya kupimia mita za maji juu ya mapaja, ile yenye mistari myekundu na myeupe. Karibu na muchanga hamuamini mutu mwengine kuishika. Nikaingia majini mpaka magotini, nikawa chini yake kabisa.

Nilikuwa nimefikiri siku nne. Niliapa kwamba sitasema mbele ya muzungu. Kwa Amisi sikuapa. Na nkula sikutaka aitaje, baba alikuwa na haki juu ya neno lile. Lakini barua si dawa. Barua ni karatasi yao wenyewe.

"Baba Amisi."

"Toka majini, binti Placide. Mashine inaanza."

"Barua za kioo ulizibeba weye."

Akapangusa fimbo kwa kiganja, kutoka juu kuteremka chini, ingawa ilikuwa kavu.

"Mbili," nikasema. "Ulisema ulimupa mukononi."

"Unajua ananiuliza nini nikisema hivyo?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ananiuliza: kama ulijua kioo kimepasuka, Amisi, ulikuwa unangoja nyekundu gani? Nitamujibu nini? Miye iko na miaka miwili tu ya kazi inabaki, mutoto. Na barua zile, ni yeye ndiye hakujibu. Unataka nimukumbushe mutu kosa lake, ndani ya masuwa yake?"

"Ndiyo," nikasema. "Ninataka hivyo."

Alinitazama, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa siku tatu za muchanga. Kule juu bwana alikuwa amepanda, anatafuta kivuli cha kuwekea kiti, buku chini ya kwapa. Baba juu ya ngunia alikuwa anatutazama sasa, mbali, hasikii.

"Bwana hajatia sahihi," nikasema. "Mpaka Kasongo ni siku nzima, Baba Amisi. Mutakuwa mumekaa naye siku nzima juu ya maji. Taa usiitaje. Baba yangu usimutaje. Sema tu: bwana, barua ya kioo nilikupa, mara mbili. Tafadhali, baba. Maneno hayo tu."

Mashine ikakohoa, ikashika. Maji yakaanza kunisukuma mapaja, yananipeleka kwenye muchanga kama yanavyopeleka kila kitu. Amisi akasimama, akavaa kofia, akatumbukiza fimbo.

"Moja na nusu!" akamupigia kelele mutu wa usukani.

Nikatoka majini, nikatembea ukingoni, sambamba nao. Nilikuwa nangoja amugeukie bwana, aseme yale maneno. Nilipita jikoni, nikapita makaburi, Mama Régina akiwa nyuma yangu ananiita kwa jina.

"Mbili!"

Kisiwa kikaisha. Nikasimama penye matete ya mwisho. Amisi akainua fimbo, maji yakamutiririkia kwenye mukono wa kanzu, akaitumbukiza tena.

"Mbili na nusu!"